Akili Imechoka? Namna ya Kuipumzisha Kwenye Miti

Ukisoma aya moja mara tatu haiingii, ukamfokea mwenzio kwa jambo dogo, ukakosea hesabu unayoijua vizuri, huenda mwili hauna tatizo lolote. Kilichochoka ni ule umakini wa kujilazimisha: kushika jambo moja huku ukizuia honi, ujumbe wa simu na mawazo mengine. Wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walieleza katika kitabu chao cha 1989 kwamba umakini huu hurudi macho na masikio yanapopata vitu vinavyovutia bila kulazimisha, kama majani yakipepea, maji, mawingu au ndege. Video nazo huvutia, ila zinakushika mzimamzima na akili haipati upenyo.

Mwaka 2008 Marc Berman na wenzake, hukohuko Michigan, waliwatembeza watu karibu dakika 50, mara moja kwenye bustani ya miti na mara nyingine katika mitaa ya mjini. Baada ya miti, watu waliweza vizuri zaidi kurudia tarakimu walizosomewa, kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza. Mitaa haikuleta nafuu hiyo. Hata waliotembea kwenye baridi kali bila kufurahia walifaidika. Kwa hiyo usingoje mpaka ujisikie kwenda.

Kabla ya kutoka, andika kwenye karatasi kazi zote zinazokusubiri, uiache mezani. Usipofanya hivyo utazibeba kichwani njia nzima.

Chagua njia unayoijua, isiyokatizwa na magari wala bodaboda. Kwa mkazi wa Nairobi, msitu wa Karura au bustani ya miti ya Arboretum zinafaa. Kwingine, hata shamba la miembe au ufukwe wenye watu wachache. Kukisia njia na kukwepa magari kunatumia umakini uleule unaotaka kuupumzisha. Na hapa ndipo wengi hukwama: wanakwenda mahali pa kimya lakini wana wasiwasi wa vibaka. Mtu mwenye hofu hapumziki, yuko lindoni. Nenda na mwenzako asiyependa kuongea sana, mchana, mahali penye walinzi.

Simu iwe kimya ndani ya begi. Mfukoni haifai, maana ikitetemeka mara moja tu umesharudi ofisini. Usivae vipokea sauti. Hata mahubiri mazuri yanadai usikilize.

Tembea polepole, usihesabu hatua. Dakika kumi za mwanzo akili itaendelea kutafuna mambo ya kazini. Iache tu, usipigane nayo. Kisha simama, fuata mti mmoja kwa macho kuanzia mizizi: gome lilipopasuka, siafu wanapopandia, tawi linapogawanyika, mpaka kileleni. Jumla ikae dakika 20 hadi 30. Utafiti wa Mary Carol Hunter wa 2019 ulikuta homoni ya msongo, kortisoli, hushuka kwa kasi zaidi katika muda huo.

Unataka kupima kama umakini umerudi? Mtu akusomee tarakimu, moja kila sekunde: 4, 9, 1, 7. Wewe unajibu 7, 1, 9, 4. Anzia tarakimu tatu, ongeza moja moja mpaka ushindwe mara mbili mfululizo. Fanya kabla na baada, kwa tarakimu tofauti. Kwa kuwa mazoezi peke yake huongeza alama, rudia siku nyingine ukitembea kando ya barabara kuu, kisha linganisha.

Ukiwa umefungiwa ofisini, geuza kiti kielekee dirisha lenye mti. Mtafiti Kate Lee na wenzake wa Melbourne, Australia, 2015, waliwaonyesha wanafunzi picha ya paa lililooteshwa majani na maua kwa sekunde 40 tu, na makosa yao yakapungua kuliko ya walioonyeshwa paa la zege. Mapumziko ya namna hiyo hayatoshi kwa aliyekesha. Huyo alale kwanza. Na uchovu ukidumu wiki mbili pamoja na huzuni au kukosa usingizi, muone daktari.