Namna ya Kuchagua Begi Jepesi la Mgongoni kwa Matembezi ya Siku Moja

Mtu anayetafuta begi la kupandia milima au kutembelea msituni kwa siku moja mara nyingi hulinyanyua kwa vidole viwili dukani ili aone lilivyo jepesi. Kipimo hicho hakitoshi, na wakati mwingine hupotosha kabisa. Begi tupu la gramu 400 na jingine la gramu 800 hayapishani hata kwa uzito wa nusu lita ya maji, ilhali begi lisilolingana na mgongo wa mbebaji humchosha tangu saa ya kwanza mpaka ya mwisho. Kwa sababu hiyo, tafuta kwanza mabegi yanayokukaa vizuri, kisha katika hayo uchague lililo jepesi.

Kabla ya kwenda dukani, kusanya mahali pamoja kila kitu unachokusudia kubeba: maji, chakula, koti la mvua, sweta, tochi, vifaa vya huduma ya kwanza, ramani na simu. Vipime kwenye mizani, ukikumbuka kwamba kila lita ya maji ni kilo moja. Kwa watu wengi vitu hivyo huenea katika begi la lita 18 hadi 25. Lita 15 zinatosha matembezi mafupi wakati hali ya hewa ni tulivu, na lita 30 zinamfaa anayekwenda kwenye baridi au anayebeba pia vitu vya watoto. Usinunue begi kubwa kwa kuhofia huenda siku moja ukalihitaji, kwani nafasi iliyobaki wazi ama huijaza kwa vitu visivyo na kazi, ama huuacha mzigo ukiyumba kila unapopiga hatua.

Jambo linalostahili muda wako kuliko yote ni urefu wa mgongo. Inamisha kichwa, kisha upapase nyuma ya shingo mpaka uguse pingili iliyochomoza kuliko nyingine. Hapo ndipo kipimo kinapoanzia. Shika kiuno, viganja vikiwa juu ya mifupa ya nyonga na vidole gumba vikielekea nyuma, halafu mwenzako apime kwa utepe, akifuata mpindo wa mgongo kutoka kwenye pingili ile hadi usawa wa vidole gumba. Kimo hakiwezi kushika nafasi ya kipimo hiki, kwa kuwa watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuwa na migongo ya urefu tofauti, mmoja akiwa na miguu mirefu na mwingine kiwiliwili kirefu. Linganisha kipimo chako na jedwali la mtengenezaji. Mabegi mengi madogo hutolewa kwa saizi moja tu, na hapo hakuna njia nyingine isipokuwa kulivaa.

Mikanda ya mabegani ipinde pamoja na bega bila kuacha uwazi nyuma yake, na isikate karibu na shingo wala kwapani. Upana wake una faida kubwa kuliko unene, maana sponji nene lakini laini mno hubonyea na kubaki kama kitambaa kitupu. Mkanda wa kifuani uweze kupandishwa na kushushwa, ukae chini kidogo ya mtulinga, wala usibane pumzi. Ule wa kiunoni, mzigo ukiwa chini ya kilo nne hivi, unaweza kuwa utepe mwembamba wa kuzuia begi lisiyumbe. Mzigo ukizidi hapo, ni heri uwe mpana na wenye sponji, ukilalia mifupa ya nyonga ili iyapunguzie mabega uzito. Mkanda unaozunguka tumbo haupunguzi chochote.

Upande wa begi unaogusa mgongo uko wa aina mbili kuu. Begi lenye wavu uliovutwa huacha nafasi ya hewa kupita, na huko kwenye joto ni nafuu kubwa, lakini huuweka mzigo mbali kidogo na mwili na huwa zito zaidi. Lenye sponji huushikiza mzigo mgongoni, ingawa fulana hulowa jasho. Mimi huchagua la sponji panapokuwa na miinuko mikali, kwa sababu utulivu wa mzigo hunisaidia kuliko upepo. Begi jepesi lisilo na fremu, yaani kiunzi kigumu cha kulishikilia umbo, unaweza kulipa uimara kwa kukunja mkeka mdogo wa sponji ndani, upande wa mgongoni.

Kuhusu kitambaa, uzito wa uzi hutajwa kwa denia, yaani gramu katika urefu wa mita 9,000. Nailoni ya denia 70 ni nyepesi sana lakini huchanika kwenye miiba. Ya denia 210 huvumilia zaidi, na inafaa hasa sehemu ya chini ambayo husuguana na mawe. Usitegemee maneno kwamba begi halipenyi maji, kwani maji hupita kwenye mishono na zipu. Mfuko imara wa plastiki ndani yake hulinda vitu kuliko kifuniko cha nje, ambacho upepo unaweza kukipeperusha.

Mwishowe lijaribu likiwa na mzigo halisi, kilo tano au sita, vitu vizito vikikaa karibu na mgongo. Legeza mikanda yote, ulivae, ufunge kwanza wa kiunoni, kisha uvute ya mabegani, halafu wa kifuani. Tembea dakika 20, ukipanda na kushuka ngazi, ukiinama, na ukitoa chupa kwenye mfuko wa pembeni bila kulivua. Ukilivua, tazama mabega yako kwenye kioo: yakiwa na alama nyekundu baada ya muda mfupi kiasi hicho, liache begi hilo ujaribu jingine.