Kutambua Hitilafu ya Koili katika Amecha ya Grenda

Grenda ikianza kutoa cheche nyingi, kuishiwa nguvu au kunuka vanishi iliyoungua, usikimbilie kununua amecha mpya, yaani sehemu ya mota inayozunguka, iliyosukwa koili za waya. Chomoa plagi, kisha anza na kaboni, vile vipande vinavyosugua amecha na kuipelekea umeme, kwa kuwa kaboni iliyokwisha au iliyokwama hutoa cheche ambazo ni rahisi kuzidhania kuwa za koili iliyokatika.

Amecha ikishatoka, ikague kamyuteta, yaani pete ya vipande vya shaba ambayo kaboni huisugua, mahali penye mwanga wa kutosha. Vipande viwili vya shaba vinavyopakana vikiwa vimeungua kingo ilhali vingine ni safi, ishara hiyo ni ya koili iliyokatika, na mara nyingi waya huwa umeachia pale unapoungana na kipande, mahali panapoweza kuungwa tena bila kusuka (kuzungushia waya mpya) amecha nzima. Pitisha mswaki mkavu katika mifereji iliyo kati ya vipande, maana vumbi la kaboni hupitisha umeme na huharibu kila kipimo kinachofuata.

Weka multimita kwenye omu za chini kabisa, upime kila kipande na jirani yake hadi urudi ulipoanzia. Kinachotafutwa ni usawa wa vipimo. Koili za amecha ya namna hii zimeungana na kufanya duara, kwa hiyo iliyokatika haionyeshi kwamba njia imekatika, bali husoma jumla ya ukinzani wa koili nyingine zote: vipande vikiwa 24, na vipimo vingine vikiwa omu 0.5, hapo utasoma takriban omu 11.5.

Wengi hukomea hapo, nako hakutoshi, kwa sababu shoti ya mizunguko michache ndani ya koili moja hubadilisha ukinzani kidogo mno kuonekana kwenye multimita ya kawaida. Ilaze amecha juu ya grola, ambayo ni sumaku ya umeme wa AC, ushikilie bleidi ya msumeno wa chuma juu ya kila mfereji wa mwili wa amecha uliolaziwa koili (si ile ya kamyuteta) huku ukiizungusha amecha taratibu. Bleidi ikitetemeka kwa nguvu kuliko penginepo, koili ya mfereji huo ina shoti, na dawa yake ni kusuka upya.

Mwisho pima kati ya kamyuteta na shafti kwa mega (kifaa cha kupima uimara wa kihami umeme) ya volti 500. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, ikaushe amecha vizuri na upime tena. Kikibaki chini, usiirudishe kazini, kwani shafti imegusana na gia na kichwa cha chuma ambacho mkono wa mtumiaji hukaa karibu nacho.