Ukipiga filamu ya mapenzi Amu (mji wa Lamu), anzia uwani

Mara ya kwanza nilipoitwa kwenye seti kushauri mavazi na lugha, nilimkuta mama wa bibi harusi uwani kwake, mbele ya bintiye, akikata vitunguu huku kajifunika buibui gubigubi. Nikamwuliza mwongozaji, "Huyu mama yuatoka au yuarudi?" Hakunielewa. Buibui ni vazi la kutokea. Nyumbani ni dera na leso. Machweo ya ufuo wa Shela yapo tu, yatakusubiri. Kwanza pata ruhusa ya kukaa uwani na kina mama asubuhi mbili tatu, uangalie nani hukaa wapi na nani humtuma nani.

Leso ichague kwa makini kama uandikavyo maneno ya mhusika. Shangazi asiyeitaka posa mvishe "Hasidi hana sababu", kisha amkaribishe kijana kwa mahamri na chai ya tangawizi. Ugomvi hauna haja ya kuandikwa. Binti naye: "Japo sipati tamaa sikati." Mtazamaji wa pwani atakuwa ashaelewa kabla hawajafungua kinywa. Ila mwambie fundi asipinde pindo. Sisi jina, yaani yale maneno ya leso, lilipindiwa ndani, tukarudia kupiga nusu siku nzima.

Sasa watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 kaunti nzima ya Lamu: Waamu, Wabajuni, Waaweer ambao wengi huwaita Waboni, Waorma, Wapokomo, Wagiriama, na waliotoka bara wakapewa mashamba Mpeketoni tangu miaka ya 1970. Usiwarundike wote kwenye harusi moja kama maonyesho. Chukua wawili watatu, kila mmoja umpe kitu anachokitaka.

Nilivyolijua hilo ni hivi. Katika mswada mmoja nilihesabu mara 11 ambazo "msichana wa kazi", Mgiriama, aliingia. Kila mara na sinia. Jina hana. Tukamwita Kadzo, tukampa onyesho moja: bibi harusi anamwomba ampelekee kijana ujumbe kule mtaa wa Langoni, naye anakataa, kwa sababu mambo yakiharibika atakayefukuzwa ni yeye. Ndilo onyesho nilipendalo kuliko yote katika filamu ile, na halikuongeza gharama.

Lugha: mzee wa mtaa wa Mkomani akisema "njoo", "njia", "macho", amekuwa mtangazaji wa redio. Kwake, kwa Kiamu, lahaja ya Amu, ni "ndoo", "ndia", "mato". Msomee mzee halisi mswada pale barazani, umwache akukosoe. Lakini mwigizaji wa Nairobi asiyeweza Kiamu usimlazimishe, kitamvunjikia mdomoni. Badilisha mhusika: mfanye aliyekulia bara, nyumba nzima imcheke. Hilo lenyewe ni drama ya familia.

Sherehe ya wanawake ina masharti yake. Humo watu wamejipamba na vichwa viko wazi, basi kamera na sauti zishikwe na wanawake, hata taa. Simu zote zikusanywe mlangoni. Anayeonekana aambiwe kwa Kiswahili, kabla, picha itaonyeshwa wapi, na akitaka kutoka atoke bila kuulizwa sababu. Walipwe mkononi siku ile ile. Harusi ya kweli usiiingilie kabisa, andaa yako.

Punda? Wapo, watapita wenyewe.

Ukimaliza kuhariri mara ya kwanza, waonyeshe kwanza kina mama waliopikia seti. Kaa nyuma yao na daftari. Wakicheka mahali ulipokusudia walie, andika dakika. Mimi dakika 20 za mwanzo zilijaza kurasa mbili.