Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Marehemu Mama Aliyekuwa Muuguzi

Kabla ya kuandika chochote, tafuteni bahasha ya vyeti vyake, kwani majonzi huchanganya miaka na si haki mama aliyetunza kumbukumbu za wagonjwa kwa uangalifu asomewe tarehe za kubahatisha. Ikiwa alikuwa Mkatoliki, rejesta ya ubatizo parokiani kwake hubeba pia kumbukumbu za kipaimara na ndoa; mwaka wa kusajiliwa kuwa muuguzi utafuteni katika cheti cha Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Sehemu ya kazi ndiyo inayostahili nafasi kubwa kuliko zote. Muulizeni mwenzake wa zamu za usiku, kisha mchague jambo moja mlieleze kwa ukaribu: kwa mfano, kitenge cha WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, alichokikunja chini ya sare katika mkoba, ili akikabidhi wodi ya wazazi Jumapili alfajiri aende moja kwa moja kwenye misa ya kwanza, na ndipo arudi nyumbani kuwapikia watoto uji. Picha hiyo inamweleza kuliko kuandika tu kwamba alikuwa mchapakazi na mcha Mungu.

Mume, watoto na wajukuu watajwe kwa majina na kwa mfuatano sahihi. Ugonjwa wake uelezwe kwa sentensi mbili tu. Nanyi mtunzieni siri kama alivyowatunzia wengine.

Nakala moja mpeni katekista jioni ya kuamkia mazishi.