Unataka kilaptopu kidogo cha Linux? Nenda dukani na fleshi yako

Jamani kabla hamjatoa pesa Darajani Unguja au huko Chake Pemba, tieni Linux (mfumo wa kompyuta wa bure, badala ya Windows) kwenye fleshi kwanza, ya 8 GB inatosha, kisha mwambieni muuzaji aiwashe mashine kwa fleshi hiyo hapo hapo dukani. Akikataa nendeni duka jengine, laptopu za mtumba zipo tele.

Ikishawaka fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike lscpu, itakuonesha habari za prosesa, utazame pale penye op-mode. Ukikuta 32-bit peke yake, yaani prosesa ya kizamani isiyoweza 64-bit ya siku hizi, mfano zile netbuku (vilaptopu vidogo) za 2008 zenye prosesa ya Atom N270, mi nasema achana nazo hata ukipewa kwa bei ya kutupa. antiX, Linux nyepesi ya mashine kongwe, bado inaingia, sawa, lakini Debian 13, Linux nyengine maarufu, ya 2025 haina tena instola ya 32-bit, na ram yenyewe mara nyingi ni 1 GB, ukifungua brauza na tabu mbili tatu ishaganda. Na yenye Atom Z520 au N2600 usiiguse kabisa, grafiki yake ni PowerVR na Linux haielewani nayo, video zitakwama kwama tu.

Bora utafute ya inchi 11.6 yenye ram 4 GB, kama ThinkPad 11e au Dell Latitude 3180, hizi zilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa skuli kwa hiyo ni ngumu. HP Stream 11 nayo ni nyepesi na Linux inakubali, ila diski ni eMMC, yaani chipu iliyochomelewa kwenye bodi, ikifa ndo basi tena, kwa hiyo kama unaweza chukua yenye diski ya kutoa.

Wifi usiiache, iunge na hotspoti ya simu yako palepale. Andika lspci uone kadi ya wifi ni ya kampuni gani, ukiona Intel au Atheros mara nyingi hupati tabu, Broadcom ndo zile zinataka famuwea (programu ya kuiendesha kadi) ya kushusha mtandaoni na wifi yenyewe haijashika, hapo itabidi uchomeke simu kwa waya wa USB upate mtandao.

Halafu betri, maana umeme wetu mnaujua. Andika upower -d ulinganishe energy-full (chaji inayobeba sasa) na energy-full-design (ya ilipokuwa mpya), kama ilikuwa 40 sasa imebaki 18 basi hesabu betri mpya kwenye bei, na hapo ndo pa kumbana muuzaji akupunguzie. Chungulia na kwenye matundu ya USB na skurubu za chini, ukiona kutu hiyo imekaa karibu na bahari, hata ndani haipo salama.

Mwisho funika kioo ilale, ngoja dakika moja ufunue, isipoamka usilipe.