Trauti: usikimbilie katikati ya bwawa

Wewe unayevua samaki aina ya trauti kwa nzi wa bandia, yaani ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, kwenye yale mabwawa madogo ya kupandikizwa samaki huku chini ya Mlima Kenya, acha kwanza kurusha mshipi mpaka ng'ambo. Wengi tunafika, tunasimama ukingoni kabisa, kivuli kimeangukia maji, halafu tunalalamika samaki hawali. Walikuwa hapo hapo miguuni! Trauti huzunguka kando kando wakitafuta wadudu, hasa asubuhi.

Simama hatua tatu nne nyuma ya ukingo, uchuchumae ikibidi, urushe mshipi mfupi sambamba na nyasi. Anza pale mfereji unapoingizia maji. Trauti aliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 akatiwa Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, na hadi leo anataka maji ya baridi yenye hewa.

Jua likipanda wanashuka chini. Basi acha nzi azame: hesabu hadi tano, vuta polepole, urefu wa kidole kwa kila mvuto. Hujaguswa? Hesabu hadi kumi, kisha kumi na tano. Ukinasa, kumbuka hesabu uliyofikia, maana wenzake wako kina hicho hicho. Na tazama mshipi pale unapoingia majini. Mara nyingi hutasikia kitu mkononi, utaona tu umetikisika kidogo. Inua fimbo papo hapo.

Samaki wa kumrudisha majini, lowesha mikono kabla ya kumshika. Mikono mikavu humtoa ule utelezi unaomkinga na magonjwa.