Bustani ya Kikundi Mjini: Pangeni Mwaka kwa Madumu ya Maji

Kikundi chetu cha bustani kipo Dar es Salaam, kina watu 14, na mwaka wake wa kwanza kilikufa mwezi wa pili. Hakikufa kwa ugomvi wala kwa fedha kuliwa. Tulianza Novemba, vuli ikinyesha, kila mtu amekuja na pakiti zake za mbegu, tukapanda kila tulichokipenda. Januari mvua ikakata, bomba likawa linatoa maji kwa kudra, dumu likapanda bei. Kufika Februari tulibaki na mabua ya mchicha na watu wawili wa kumwagilia. Tulipokusanyana tena tulianza na hesabu ya maji, ndipo tukaulizana tupande nini. Utaratibu wenyewe ni huu.

Hatua ya 1: Eneo liwe la maandishi

Mwenye kiwanja akiwaambia "limeni tu", mshukuruni, halafu mwombeni mwandikishane mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa: mtalima kwa muda gani, na akilihitaji eneo lake atawapa notisi ya miezi mingapi. Sisi hatukuandikishana. Mwaka wa pili tulifika asubuhi tukakuta lori limemwaga kifusi juu ya nyanya chungu zilizokuwa ndiyo kwanza zinatoa maua. Mwenyewe alikuwa ameshapata fundi wa kumjengea. Kiwanja ni chake, tungemwambia nini? Tangu siku hiyo nusu ya bustani yetu iko kwenye viroba. Kiroba kilichojaa udongo si chepesi, lakini kwa mkokoteni na vijana wanne mnahama.

Kabla ya kukubali eneo, kaeni hapo siku moja mwangalie jua. Mboga za majani zinavumilia kivuli kidogo. Nyanya, bamia na nyanya chungu zinataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku. Chini ya mwembe pawe pa kufanyia mikutano.

Hatua ya 2: Hesabuni madumu

Tuta la mita 1 kwa mita 5 linakunywa kama dumu moja na nusu kwa siku wakati wa kipupwe, na madumu mawili kiangazi. Kiroba kimoja kinataka lita 5 hivi. Sasa andikeni: siku bomba likikauka, kikundi kinaweza kupata madumu mangapi bila kununua? Igawanyeni hesabu hiyo kwa mbili, jibu ndilo idadi ya matuta yenu ya kiangazi. Sisi tunalima matuta 12 wakati wa masika, Januari tunabakiza 4, na hakuna anayenung'unika kwa sababu tumeshakubaliana.

Njia ya bei nafuu ya kuongeza maji ni bati la jirani. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita 1. Nyumba ndogo yenye bati la mita 30 za mraba, ikipigwa na mvua ya milimita 20, inawapa karibu lita 600 kabla ya kutoa zinazopotea. Kinachohitajika ni mfereji na simtanki, au hata mapipa mawili matatu. Lakini funikeni kwa chandarua kilichobana vizuri. Waliougua dengi mwaka 2019 hapa mjini hawahitaji kuelezwa mbu wa maji ya pipa ni nani.

Maji ya mtaro, na ya mito inayopokea maji machafu ya viwanda na majumba, msiyamwagie mboga. Hapo sina mjadala na mtu.

Hatua ya 3: Kiroba, kama tunavyokijaza

Hapa ndipo wengi wanakosea, kwa hiyo nitaenda taratibu.

Tafuta kiroba cha salfeti cha kilo 100, kile cha mchele au sukari. Changanya ndoo mbili za udongo wa juu na ndoo moja ya samadi iliyooza au mboji. Maeneo mengi ya Dar udongo tayari ni mchanga, usiongeze mchanga mwingine. Mbolea ya kuku usiitumie ikiwa mbichi, inaunguza miche. Iache ioze wiki sita hadi nane.

Chukua kopo la rangi la lita 4 lililotolewa kitako. Lisimamishe katikati ya kiroba, lijaze kokoto, kisha jaza udongo kulizunguka mpaka ulingane na ukingo wa kopo. Livute kopo juu taratibu, kokoto zinabaki. Jaza tena kokoto, jaza tena udongo, vuta. Mwisho unapata nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu, na hiyo ndiyo njia ya maji. Bila hiyo, juu kutakuwa matope na chini vumbi.

Mwagilia siku tatu bila kupanda chochote, maana udongo utashuka, pengine shibiri nzima. Uongeze. Sasa kwa kisu kata matundu ubavuni, kila moja liwe mbali na lenzake kwa shibiri moja, na safu za juu zisilingane na za chini. Unapoingiza mche, tangulia na kidole kikielekea chini kwa mshazari, ndipo mzizi ufuate. Ukiusukuma moja kwa moja mzizi unakunjika kuelekea juu, na mche unadumaa wiki tatu, nawe unadhani una ugonjwa. Ubavuni weka chainizi, sukuma wiki au mchicha. Juu weka nyanya chungu mbili au pilipili mbuzi.

Maji mimina kwenye kokoto, kikombe baada ya kikombe, mpaka uone tone la kwanza kwenye kitako. Ukimwaga ndoo kwa mkupuo, udongo utatokea matunduni.

Hatua ya 4: Kalenda

*Januari na Februari.* Kiangazi. Kinachobaki shambani ni matembele na bamia, basi. Kama kikundi chenu ni kipya na mnataka zao moja la kuwapa moyo, ni matembele: marando ya urefu wa shibiri moja na nusu, nusu yake chini ya udongo, na ndani ya wiki tano au sita mnachuma. Nyanya ndiyo kila mgeni anaitaka kwanza, na nyanya ndiyo inayowafukuza wageni.

Mikono ikiwa haina kazi, tengenezeni mboji: tabaka la majani makavu, tabaka la majani mabichi na maganda ya jikoni, samadi kidogo, maji, halafu rudieni. Igeuzeni kila wiki mbili au tatu. Mkianza Januari, inakuwa tayari masika yanapokolea.

*Machi hadi Mei.* Masika. Inueni matuta sentimita 20 hadi 30, la sivyo Aprili mtalima mpunga. Mchicha changanyeni mbegu zake na mchanga mkavu, msie kwa mistari, mfunike kwa nyasi nyepesi mpaka zichipue. Ukimwagwa juu juu mvua moja inaupeleka barabarani. Wiki tatu hadi nne mnang'oa au mnakata. Huu ndio wakati wa mlenda, mgagani, kunde za majani na maboga ya majani, mboga ambazo wakulima wa biashara wanazipuuza na ambazo nyumbani zinagombewa. Nyanya, hapana: mvua, joto na ukungu vitaimaliza.

*Mwisho wa Mei.* Sieni nyanya kwenye kitalu. Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 2019 tunakuzia miche kwenye pakiti za maziwa zilizokatwa na kutobolewa, na nasema wazi, ni bora kuliko rambo kwa sababu zinasimama. Baada ya wiki nne pandikizeni jioni, nusu mita kutoka mche hadi mche, na mti wa kuegemea uchomekwe siku hiyohiyo. Ukisubiri mche urefuke utachoma mizizi.

*Juni hadi Agosti.* Kipupwe, msimu wa nyanya, chainizi na figili. Pia msimu wa safari. Maonyesho ya Nane Nane ya kanda yetu hufanyika Morogoro, na tangu treni ya umeme ilipoanza 2024 tunaenda asubuhi na kurudi jioni. Nendeni na daftari na maswali matatu yaliyoandikwa; asiye na swali hurudi na kofia.

*Septemba.* Mavuno ya mwisho ya nyanya, na kuacha mimea ya mbegu. Nitarudi hapo.

*Oktoba hadi Desemba.* Vuli. Nyanya chungu, bamia, na miti: mipapai, mlonge, pasheni kwenye uzio. Bamia ikianza kuzaa chumeni kila baada ya siku mbili, hata kama hamna hamu nayo. Ikikomaa mtini mmea unapunguza kuzaa.

Hatua ya 5: Wadudu

Vidukari: maji yenye sabuni kidogo, upande wa chini wa jani, jioni. Kwa wengine tunatumia mwarobaini: kilo moja ya majani mabichi, yatwangwe, yaloweke usiku kucha kwenye lita 10 za maji, chujeni kwa kitambaa, tieni sabuni kidogo, pulizeni siku hiyohiyo. Kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hula ndani ya majani na matunda ya nyanya, aliyeingia nchini 2014, hatishiki sana na mwarobaini peke yake. Kagueni nyanya kila siku mbili, chumeni majani yenye michirizi myeupe, yachomeni moto. Kuyatupa kwenye mboji ni kumfuga.

Hatua ya 6: Zamu

Zamu ziwe za watu wawili wawili. Mmoja akiugua, tuta haliugui. Ukikosa zamu bila taarifa unalipa faini kwenye kibubu, na faini iwe ndogo kiasi cha kulipika; faini kubwa watu huikimbia pamoja na bustani yenyewe. Mwezi wa Ramadhani tunahamishia umwagiliaji wote alfajiri baada ya daku, kwa sababu jioni wengi wetu wako jikoni na futari. Mavuno tunayagawa kwa mafungu sawa, mwenye zamu ya siku hiyo akichagua mwisho. Sharti hilo lilimaliza maneno mengi.

Mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, upo kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaeleza masharti. Ushauri wangu ni mmalize kiangazi kimoja kwanza.

Hatua ya 7: Mbegu

Chagueni mmea bora kabla hamjaanza kuchuma na muufunge kitambaa chekundu, mtu asije akaupika. Nyanya chungu iacheni iwe nyekundu kabisa, ikamulieni kwenye maji, mbegu nzuri huzama. Za nyanya ziache na utelezi wake siku mbili au tatu zichachuke, ndipo mzioshe. Zote zianikwe kivulini. Chotara msihifadhi, watoto wake hawafanani naye.

Desemba tunajaribu: mbegu 20 kwenye kitambaa chenye unyevu, na baada ya wiki tunahesabu. Zikiota chini ya 14 tunasia nyingi zaidi au tunanunua mpya. Zilizofaulu tunazitia kwenye chupa kavu pamoja na majivu, tunaandika jina na mwezi, na kila mwanachama anaondoka na chupa moja ya kulinda. Mgagani safari hii umebaki nusu chupa tu. Nimepewa mimi, na nimeuweka juu ya kabati ambako panya hafiki.